Mkono wa Fisi

Soko la mitumba la Ukunda siku ya Jumamosi ni mahali pa kupoteza viatu ukiwa umevivaa. Watu wanasukumana, wachuuzi wamepanda juu ya meza wanarusha mashati hewani, na ukisita kidogo, nguo uliyoipenda imeshaingia kwenye mfuko wa mwenzako. Hapo ndipo mikono miwili ilipolishika koti moja mwezi wa Januari, na wenye mikono wakakataa kuliachia.

Lilikuwa koti la manyoya ya bandia, la kahawia lenye mabaka meusi, koti la mwanamke wa nchi za theluji. Kwa joto la Ukunda, hata kulitazama kulikutoa jasho. Upande mmoja alilishika Syovata, binti wa Mzee Nzioka wa Shimba Hills, mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa dera la bluu lililobanwa kiunoni kwa kanga, na utepe wa kupimia nguo unaning'inia shingoni. Upande wa pili alilishika Gerishom, mwoka mikate wa hoteli moja ya Diani, suruali ya mirabamiraba ya jikoni bado iko mwilini na unga uko kwenye nyusi.

"Samahani kaka yangu, hili nililiona mimi."

"Uliliona. Mimi nililishika."

"Mwanaume mzima unalitakia nini koti la kike?"

"Ni la mamangu. Yuko Vihiga, na kule asubuhi si mchezo, baridi inakushika mpaka kwa meno. Na wewe msichana wa pwani, manyoya utaenda kuyavaa wapi, kwa bahari?"

"Si langu," Syovata alisema, uso mkavu. "Ni la fisi."

Gerishom alimtazama kuanzia kilemba hadi ndara, akitafuta dalili ya wazimu.

"Fisi wangu hana ngozi," Syovata akaendelea, "na Jumatatu anaanza kazi. Anaenda kuwachekesha watoto mia nne. Unataka aende uchi?"

Hapo ndipo Gerishom alipocheka, akaliachia koti. Syovata akamweleza kwamba yeye ni mwigizaji wa Kundi la Kinyonga, kundi linalozunguka shule za msingi za Kwale na mchezo wa watoto. Gerishom akasema mamake atajifunika blanketi, ila apewe namba ya simu, apate kujua kama fisi amepona baridi.

"Na hilo nalo ni la mama?" Syovata aliuliza, akiashiria mkono wake mwingine. Mkono huo Gerishom alikuwa ameshika sweta dogo la manjano, lenye kifaranga kilichofumwa mfukoni.

"La mtoto wa dadangu," Gerishom alijibu haraka.

Uongo wa kwanza ulipita hivyo, mdogo kabisa, kabla hata hajajua jina la yule anayemdanganya. Dada huyo hakuwako. Sweta lilikuwa la binti yake mwenyewe.

*

Haukupita mwezi, simu zao zikawa hazipoi.

"Umekula?"

"Nimeoka mikate mia mbili, Syo, na sijala hata mmoja. Nakungoja wewe."

"Basi utakufa njaa. Mimi niko Kinango na tairi limepasuka."

"Nije nikubebe mgongoni?"

"Njoo. Ubebe na tairi."

Jumapili moja mwezi wa Machi walikaa Diani, kwa muuza madafu, nguo za kanisani bado mwilini. Syovata alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani lenye mabega ya kupanda, na Gerishom alikuwa haachi kulisifia. Hapo ndipo Syovata alipomweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu. Siku ya mazishi ya nyanya yake, kule Shimba Hills, alitokea mwanamke asiyejulikana na watoto wawili wenye pua ya Mzee Nzioka. Kanisa zima liliwaona. Mama yake alikuwa akisonga ugali wa wafiwa, na hakuacha kusonga mpaka mwiko ukavunjika.

"Mama hakulia kwa sababu ya wale watoto," Syovata alisema. "Watoto wana kosa gani? Alilia kwa sababu watu wote walijua, yeye tu ndiye hakujua. Kwa hiyo sikiliza, Gerishom. Nikasirishe upendavyo. Chelewa, sahau siku yangu ya kuzaliwa, nitanuna siku mbili kisha nitaacha. Lakini usinifiche mtu."

Sasa, mwanaume mwenye akili hapo angefungua kinywa. Gerishom alifungua dafu la pili.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya, mnielewe. Mtoto wake aliitwa Eddah. Mama yake Eddah aliondoka mtoto akiwa hajaanza kutembea, akaolewa kwingine, na Gerishom akamwacha mtoto kwa bibi yake Vihiga, akaja pwani kutafuta kazi. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema. Kila jioni Syovata alipocheka kwenye simu, alijiambia kesho. Ikafika Julai.

*

Wiki moja ya Julai hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya ziara ya Kundi la Kinyonga pwani ya kusini. Jumatatu Ukunda, Jumanne Gazi, Jumatano Msambweni, Alhamisi Ramisi, na Ijumaa kisiwani, Mkwiro, kisha basi. Mwezi wa tisa kundi lilikuwa linahamia Tana River kwa miezi mitatu. Syovata alikuwa ameshamwambia kiongozi wao, Bwana Mramba, kwamba hatakwenda. Hakutaja sababu, lakini sababu ilikuwa inanuka mkate na kila mtu aliijua.

Mchezo wao ulikuwa wa Fisi aliyekula mbuzi wa arusi. Fisi huyo hakuwa na sauti. Alicheka kwa mabega, akakana kwa kichwa, akaomba kwa mikono, na Sungura ndiye aliyemsemea. Mwishoni Bwana Mramba aliwauliza watoto: Fisi aende au abaki? Wao ndio walioamua, na kila siku waliamua aende.

Kulikuwa na mwiko mmoja, na Mramba alikuwa mkali juu yake kuliko mwalimu wa zamu. Ukishavaa uso wa Fisi huna jina wala sauti, mpaka mtoto wa mwisho atoke uwanjani. Hata ukiitwa, hata ukiumwa na siafu. "Mtoto akimwona fisi anavua kichwa," alikuwa akisema, "kesho hatakuamini hata ukimwambia jua linawaka."

Gerishom aliujua mwiko huo. Mara nyingi alikuja uwanjani akasimama mbele ya Fisi akamnong'oneza matani, kwa kuwa hawezi kujibiwa. Fisi alikuwa akimfukuza kwa mkia.

Jumatatu hiyo walikuwa na maonyesho mawili. Walipomaliza la asubuhi, Mramba alisema, "Syovata, mchana mpe Eunice uso. Kama huendi Tana, lazima mwenzako aanze kumzoea Fisi."

Eunice alikuwa mwigizaji wa pili, wa kimo kilekile, msichana mtulivu aliyeshirikiana na Syovata chumba kimoja tangu ziara ianze. Akavaa koti la manyoya, akavaa na uso. Syovata akatumwa dukani kutafuta gundi, kwa kuwa sikio la Sungura lilikuwa limeng'oka. Basi angalieni wenyewe: Syovata hakuwamo ndani ya Fisi siku hiyo kwa sababu tu alitaka kubaki karibu na Gerishom.

Gerishom akaja saa tisa, mbio, aproni bado iko kiunoni. Jana yake basi la Vihiga lilikuwa limemshushia Eddah. Bibi yake alikuwa haiwezi tena kazi ya kumkimbiza mtoto, miguu imevimba. Eddah alikuwa chumbani kwake wakati huo, akilindwa na mke wa jirani, na maneno ya kesho nitasema yalikuwa yamekwisha.

Aliliona koti lililomkutanisha na mpenzi wake, limesimama kando ya bomba la maji huku watoto wakipiga kelele kila upande. Akalisogelea.

"Syo. Najua huwezi kunijibu, na ndiyo maana nimekuja sahii. Ukinijibu nitashindwa kumaliza."

Fisi alitulia.

"Nina mtoto. Anaitwa Eddah, ana miaka mitano. Lile sweta la manjano lilikuwa lake, sina dada. Ameletwa jana na hana pengine pa kuishi ila kwangu. Ulinikataza kitu kimoja tu, na ndicho nilichofanya. Sina la kujitetea. Kama hunitaki tena nitajua nimejitakia."

Akaanza kulia, mtu mzima na unga wake, mbele ya watoto wa shule. Eunice, ndani ya ule uso wenye joto, alitaka kusema "mimi siye." Watoto wawili walikuwa wameushika mkia. Hakusema. Alifanya alichoweza, akainua mkono wa Fisi akauweka kifuani pa Gerishom, akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesema nimeelewa, usilie.

Gerishom aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Kisha akarudi kazini, na njiani alikuwa akiimba.

*

"Syo wangu, asante kwa leo," alisema kwenye simu jioni ileile.

"Asante ya nini, na hata hatukuonana vizuri? Nimeambiwa tu ulipita."

Gerishom akadhani anatania kuhusu ule uso. "Mimi kwangu tulionana kuliko siku zote. Kweli huna kinyongo?"

"Kinyongo cha nini? Ulikuwa na zamu, ukaondoka. Mimi si mtoto."

"Wewe ni mtu wa maana sana. Sikiliza, Jumatano nakuja Msambweni, na nitakuja na mgeni. Hutaogopa?"

Moyo wa Syovata ulipiga hatua mbili mbele. Miezi yote Gerishom alikuwa akisema ipo siku mama yake atashuka pwani amwone. "Binti wa Nzioka aogope mgeni? Mlete."

"Nakupenda, mrembo."

"Najua. Nenda ukalale, unga wako unakungoja alfajiri."

Walicheka wote wawili, na Eunice, aliyekuwa kitanda cha pili anakunja nguo, aliwasikia. Akashukuru Mungu kwamba Gerishom ameyasema mwenyewe na yamepokewa. Akaona hana haja ya kuongeza neno.

Jumanne, walipotoka Gazi, Syovata alipita dukani akachagua leso nzuri, nyekundu yenye pindo jeusi, ya kumkaribishia mama mkwe.

*

Jumatano, Msambweni, Fisi alichezwa na Eunice. Mchezo ulipokwisha Syovata alinawa, akavaa lile gauni la kijani, akasimama langoni pa shule na leso mkononi imefungwa kwa karatasi. Alikuwa amejifundisha hata namna ya kupiga magoti kidogo, wanavyosalimia watu wa Vihiga.

Tuktuk ikasimama. Gerishom akashuka, akamshusha mtoto.

Msichana mdogo, macho makubwa, amevaa sweta katika jua la saa sita. Sweta la manjano, kifaranga mfukoni. Kichwani alikuwa amesukwa mistari, mmoja unaelekea sikioni, mwingine umekatika katikati, mwingine haujulikani unakwenda wapi.

"Shikamoo," alisema mtoto.

"Marahaba," Syovata alisema. Macho yake hayakutoka kwenye kifaranga. Alilijua sweta lile. Alielewa kabla hajaambiwa, akajiona amesimama pale aliposimama mama yake siku ya mazishi.

"Huyu ni nani, Gerishom?"

"Si ndiye Eddah."

"Eddah gani?"

Tabasamu la Gerishom lilikauka. "Syo, tafadhali. Usinifanyie hivi mbele ya mtoto."

"Nakuuliza, Eddah gani?"

"Binti yangu. Jumatatu nilikueleza yote ukakubali."

"Jumatatu mimi na wewe hatukusemezana hata neno moja uwanjani."

"Uliniwekea mkono hapa." Akajigusa kifua. "Ukatikisa kichwa. Kama umebadilisha nia, sema umebadilisha nia, hiyo ni haki yako. Lakini usiseme hukusikia."

"Sasa unanifanya mwendawazimu." Sauti ya Syovata ilishuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kupanda. "Umenificha mtoto miezi saba. Sweta la mtoto wa dada yako, kumbe ni la mtoto wako. Na leo, badala ya kusema nimekosa, unanitungia hadithi ya mkono."

"Mimi nimetunga?"

"Nilikuomba jambo moja."

Eddah alikuwa amelishika pindo la sweta lake kwa vidole vyote, anamtazama huyu kisha yule. Syovata alimwona, na uchungu ukamzidi. Akamtia Gerishom ile leso mikononi. "Nilimnunulia mama yako. Mpelekee." Akageuka akaenda zake.

Eunice alikuwa nyuma ya gari la kundi, koti la Fisi liko mabegani mwake. Alisikia kila neno. Hakutoka.

Siku hiyo Gerishom alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilipokelewa.

"Gerishom, usinipigie."

"Nieleze tu kwa nini ulinipa moyo, kisha ukaninyang'anya mbele ya mtoto wangu."

Simu ikakatika. Kila mmoja akalala akiamini kwamba mwenzake ni mwongo, na kila mmoja alikuwa na ushahidi.

*

Alhamisi, Ramisi, gari likiwa bado linashusha vitu, Syovata alimfuata Mramba.

"Niandike Tana."

"Si ulisema huendi?"

"Nimebadilisha. Niandike miezi mitatu yote, na kama kuna ziara nyingine baada ya hiyo, niandike na hiyo."

Mramba alitazama macho yake yaliyovimba, akaandika bila kuuliza. Ni mtu mzima, anajua wakati wa kunyamaza. Eunice ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Alimvuta Syovata nyuma ya darasa.

"Nina jambo, na ukitaka kunipiga nipige."

"Nini?"

"Jumatatu Gerishom alikuja kwa Fisi akasema yote. Kuhusu mtoto, kuhusu sweta, kuhusu wewe ulivyomkataza. Alidhani ni wewe."

Syovata akamkazia macho.

"Watoto walikuwa wameushika mkia, Syovata. Sina sauti, mimi ni fisi. Na alikuwa analia. Ningefanya nini?"

"Ulifanya nini?"

Eunice aliinua mkono wake wa kulia, akauweka hewani, mahali ambapo kifua cha mtu kingekuwa. "Hivi. Nilikuwa nataka aache kulia tu."

"Ulimsamehe kwa niaba yangu."

"Sikujua kama ndivyo atakavyoelewa."

"Na Jumatatu jioni hukuniambia kwa nini? Tunalala chumba kimoja."

"Niliwasikia mnacheka kwa simu. Nikajua ameshakueleza mwenyewe, nikaona si langu tena. Jana nilitaka kuja pale langoni, nikaogopa. Nisamehe."

Syovata aliketi juu ya tofali. Hasira yake, iliyokuwa nzima tangu jana, ilivunjika vipande viwili. Kipande kimoja kilikuwa cha bure: Gerishom hakutunga mkono wowote, alikuwa amesema, tena amelia. Kipande cha pili kilibaki palepale, kizito: miezi saba, simu asubuhi na jioni, na mtoto aliyefichwa. Isitoshe, alipopata ujasiri wa kusema, alichagua kumwambia mtu asiyeweza kumjibu.

Alitoa simu.

"Sikuwa mimi," alisema, hata salamu hakuna.

"Syo?"

"Ndani ya Fisi, Jumatatu. Alikuwa Eunice. Mimi nilikuwa dukani natafuta gundi."

Kule upande wa pili Gerishom alijigusa kifua.

"Kwa hiyo ule mkono..."

"Haukuwa wangu. Kwa hiyo mpaka leo wewe hujaniambia kitu, Gerishom. Nimeambiwa na sweta."

"Wueh. Mungu wangu."

"Kesho tunamalizia Mkwiro. Boti zinatoka Shimoni asubuhi. Ukitaka kuniambia, njoo uniambie mimi. Usipokuja, mimi niko Tana mwezi wa tisa, na namba hii hutanipata nayo tena."

*

Ijumaa Mkwiro walianza mapema, kwa sababu watoto waliachiwa kabla ya sala. Shule ile inatazama maji, na upepo ulikuwa ukiipeperusha kanga iliyofungwa kuwa pazia. Syovata aliuomba uso mwenyewe. Alitaka Fisi wa mwisho awe wake.

Alicheza vizuri siku hiyo, nadhani kuliko siku zote. Alipokana kwamba hakula mbuzi, watoto walianguka kwa kicheko. Alipoomba abaki, akipiga magoti mchangani na mikono mbele, wadogo wa mbele walinyamaza. Na katikati ya maombi hayo, kupitia matundu ya macho, aliwaona wakiingia langoni: Gerishom amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na Eddah kwenye mkono wake, ana sweta lilelile.

"Fisi aende au abaki?" Mramba aliuliza.

"Aende," uwanja mzima ukaitikia.

Fisi akaenda, mabega yameshuka, akasimama kando ya ukuta mkia mchangani. Watoto walimshangilia, wakamgusa koti, kisha walimu wakawahimiza wakajitayarishe kwa sala. Uwanja ukamwagika nje. Gerishom akaja akasimama mbele ya Fisi, hatua tatu.

"Nani yuko ndani?"

Fisi hakujibu. Mwiko ni mwiko.

"Basi nitangoja mpaka mtoto wa mwisho atoke," Gerishom alisema. "Leo sisemi mpaka niione sura."

Wakangoja. Wa darasa la tano wakatoka, wakatoka na wa chekechea wakishikana mashati. Mlango wa mwisho ukafungwa. Akabaki mtoto mmoja tu uwanjani, naye alikuwa amemkodolea macho Fisi na hana mpango wa kwenda popote, maana hakuwa mwanafunzi wa pale. Gerishom alikuwa amekuja naye kwa sababu mke wa jirani alisafiri. Hakukuwa na pa kumpeleka.

Syovata alimtazama Eddah kupitia matundu. Alimtazama Mramba aliyekuwa mbali akikunja pazia. Kisha akaweka mikono yote miwili kwenye ule uso, akauvua.

Jasho lilikuwa limemlowesha, nywele zimemlalia kichwani. Mramba aliona. Akaendelea kukunja pazia lililokuwa limeshakunjwa.

"Kumbe ni wewe," alisema Eddah.

"Ni mimi."

"Ulikuwa humo siku zote?"

"Siku nyingine," Syovata alisema. Kisha akamgeukia Gerishom. "Sema."

Gerishom hakulia leo. Mikono yake ilikuwa ikitafuta mahali pa kukaa na haikupata. "Huyu ni Eddah, binti yangu. Ana miaka mitano. Nilikuficha miezi saba. Siku ile sokoni nilikudanganya hata jina lako silijui, nikadhani ni neno la kupita tu. Kisha ukaniambia habari za baba yako, nikaona nikisema utaondoka, na nisiposema mimi ndiye yeye. Nikachagua kuwa yeye. Nilikuogopa, Syo. Nikaenda kusema siku ambayo nilijua huwezi kunijibu. Huo nao ulikuwa woga."

Ilikuwa mara ya kwanza Syovata kuyasikia kwa sauti yake. Yaliuma kuliko alivyotarajia, na yalimtuliza pia.

"Nimesikia," alisema. "Sasa naweza kukukasirikia vizuri."

"Umenisamehe?"

"Hapana."

Gerishom akatikisa kichwa, akakubali.

"Mkono ule haukuwa wangu," Syovata alisema. "Wangu bado. Na Tana nitakwenda, jina langu liko na silifuti. Miezi mitatu utakaa na mtoto wako na mikate yako. Ukitaka kunipigia simu nipigie, lakini usinipambie maneno. Nieleze siku yako kama ilivyokuwa."

"Nitakupigia."

"Tutaona."

Alilivua koti la manyoya akalitupa juu ya sanduku la mavazi. Ndani alikuwa na fulana kuukuu na kanga. Aliitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akamtazama Eddah, aliyekuwa amesogea mpaka kwenye sanduku, anaupapasa uso wa Fisi kwa kidole kimoja, hasa kwenye meno.

"Eddah, njoo hapa. Nani alikusuka hivi?"

"Baba."

"Ndiyo, naona." Akafungua sanduku, akatoa chanuo la Bi Arusi wa mchezo wao, lile refu la mbao. "Inauma hapa?"

"Kidogo. Alivuta."

"Keti."

Eddah akaketi mchangani katikati ya magoti yake, ameukumbatia uso wa Fisi. Syovata akaanza kuifumua ile mistari iliyopotea, mmoja baada ya mwingine, kwa ncha za vidole, polepole, asimwumize. Gerishom alisimama akiwatazama, hajui kama amefukuzwa au la.

"Usisimame juani," Syovata alimwambia, hakuinua macho. "Kaa, unieleze. Mama yake alipoondoka alikuwa anakula nini huyu? Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Gerishom akakaa chini, akaanza mwanzo. Alikuwa amefika kwenye uji wa wimbi na usiku wa homa ya kwanza, Mramba akaita kutoka gatini kwamba maji yanapungua na nahodha hawezi kungoja.

"Mwambie angoje," Syovata alijibu. "Upande huu sijaumaliza."